Kuhani wa mauti mpe kazi kwanza, joho baadaye

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, wachezaji wengi wakitaka kumcheza kuhani wa mauti huja na joho jeusi, fuvu shingoni na sauti nzito. Kikao cha kwanza anavutia. Kufikia cha tatu hana la kusema, maana mtu ambaye shughuli yake ni kutisha tu hana la kuwafanyia wenzake. Nawapenda sana wahusika hawa, nimewacheza katika Dungeons & Dragons na katika Pathfinder, na ushauri wangu wa kwanza huwa huo huo: mtafutie kazi. Mauti hayahitaji msaada wa kuua. Wanaomhitaji kuhani ni wale wanaokufa na wale wanaobaki nyuma.

Anza na mungu wake, na ujue anasemaje kuhusu wafu wanaotembea. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kelemvor wa Forgotten Realms, ulimwengu mmojawapo wa Dungeons & Dragons, ni hakimu wa wafu, na makuhani wake hawana suluhu na mazombi wala vampaya. Pharasma wa Pathfinder ni hivyo hivyo: kila roho ifike kwake ihukumiwe, na anayeizuia njiani ni adui. Upande wa pili yuko Urgathoa, mungu mwingine wa Pathfinder, ambaye wafu wasiolala ndio fahari yake. Ukimchagua Kelemvor huku mwenzako akicheza mchawi wa kuinua mifupa, ugomvi mnao tangu siku ya kwanza, basi uzungumzeni kabla hamjaanza. Kwetu kanuni ilitaka mifupa ya binadamu na viumbe wa jamii yake, lakini mwongozaji, yaani anayesimulia mchezo na kuamua, alikubali mchawi atumie ya wanyama. Kuhani wangu alinuna, ila hakuivunja mifupa hiyo. Kule kununa kulituletea mazungumzo matamu kuliko mapigano mengi.

Kazi yenyewe inaonekana vita vikiisha. Kufa kufaana: wenzako wanapekua mifuko, na wewe ndio wakati wako. Tunga ibada fupi, isizidi sentensi mbili, yenye kitendo kimoja kinachoonekana. Wangu alikuwa akifumba macho ya kila maiti, adui au rafiki, kisha anauliza kama kuna anayelijua jina lake. Safari moja nilimuuliza mwongozaji, "Huyu jambazi ameshika nini mkononi?" Hakuwa ameandaa chochote. Akafikiri kidogo, akasema: kiatu cha mtoto, kimoja, kimefungwa kamba. Tuliacha hazina tuliyokuwa tukiifuata, tukaenda kumtafuta mwenye kiatu. Swali dogo la kuhani anayejali hufungua milango ambayo upanga hauifungui.

Uchawi wa kusema na maiti ndio chombo chako kikuu, na watu wengi huuharibu. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons unapata maswali matano, na maiti hiyo haiwezi kuulizwa tena kwa njia hiyo hadi siku 10 zipite. Roho hairudi, mwili unajibu kwa yale tu uliyoyajua ulipokuwa hai, tena kwa ufupi na mafumbo. Na kama ulikuwa adui yake, halazimiki kukwambia kweli. Ndiyo maana swali la kwanza silitumii kupeleleza. Nauliza, "Kuna nani wa kupelekewa habari zako?" Waongozaji wengi, wakiona heshima hiyo, hulainisha majibu manne yanayobaki.

Kuhusu tawi la kuchagua, yaani aina ya nguvu ambazo mungu humpa kuhani, sitazunguka: chukua Grave (kaburi), lililokuja 2017. Tawi la Death (mauti) la 2014 limewekwa kwenye kitabu cha mwongozaji, miongoni mwa chaguo za wahusika waovu, na nguvu zake karibu zote ni za kuumiza. Grave linakufanya mlinzi wa mpaka wa uhai na mauti. Uhai wa mwenzako ukishuka hadi sifuri, hupigi dadu kujua umemponya kiasi gani. Kila dadu inahesabiwa kwa namba yake ya juu kabisa. Na laana yake ya vita inafanya pigo linalofuata liumize maradufu, kwa hiyo mwachie mwizi wa kundi, ambaye pigo lake moja huwa zito, apige yeye. Kuhani anayetayarisha njia kisha akasogea pembeni, huyo ndiye ninayemtaka.

Mpe na furaha pia. Anayekaa karibu na vifo ana kila sababu ya kucheza ngoma harusini na kukumbuka siku za kuzaliwa za wenzake.

Sasa jambo la uzito. Mezani wameketi watu halisi, na huenda mmoja wao amefiwa juzi. Waulize kabla ya mchezo, kila mtu faragha, ni vifo gani wasingependa visimuliwe. Mwenzetu mmoja aliomba tusisimulie mazishi ya mzazi. Hatukumhoji. Ikifika hapo tulikuwa tunasema "wakazika", tunaendelea.

Mwisho, kufufuliwa. Sheria inasema roho isiyotaka hairudi, hata ukiwa na almasi ya vipande 300 vya dhahabu na mwili una sekunde chache tu tangu ufe. Hivyo kila mchezaji ana haki ya kukataa, na kuhani ndiye wa kuuliza mapema, mkiwa kambini, watu wote wangali hai: ukifa, tukuite? Andika majibu kwenye karatasi zenu. Wangu alijibu kwamba asiitwe, isipokuwa kama kuna mtu aliyemwahidi maziko na bado hajazikwa. Mwongozaji aliposoma sharti hilo alilipigia mstari, na vikao vilivyofuata tukawa tunaitafuta maiti ya mtu mmoja ambaye kuhani wangu alimpa ahadi zamani, kabla hajakutana na yeyote kati yetu.