Hilo kopo liweke chini kwanza: cheni chafu haitiwi mafuta

Mkuu, simama hapo hapo. Kopo la WD-40, ile dawa ya kupulizia, liweke chini, na chupa ya nta usiifungue bado.

Kwa mtakaoingia sasa hivi: jamaa ana baiskeli ya road (ya mbio za barabarani) ya gia 11, cheni imekuwa nyeusi na inalia. Fundi kamwambia aipulizie WD-40 "ijisafishe", angoje dakika tano, halafu adondoshee mafuta ya nta juu yake. Anauliza achukue aina kavu au ile nzito ya mvua, na aweke kila baada ya kilomita ngapi. Kavu au nzito tutafika. Ukifuata alichosema huyo fundi, mkuu, hata upewe mafuta bora kuliko yote duniani utaishia kununua cheni, kaseti (lile rundo la sproketi, yaani magurudumu ya meno, la nyuma) na sproketi za mbele kwa mpigo.

Cheni hailainishwi kwa nje. Lile bamba unaloliona linang'aa halina kazi kubwa na mafuta. Bamba la ndani lina tundu lenye shingo fupi. Pini inapita ndani ya hiyo shingo, na rola, ile pete ndogo inayogusa meno, inazunguka juu yake. Msuguano wote uko hapo, kwenye upenyo ambao jicho halifiki, na mchanga uliolowa mafuta unaingia humo humo. Sasa pulizia WD-40 ya kopo la kawaida, kitu kilichoundwa mwaka 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi chepesi. Kinalegeza tope la nje na kulipeleka ndani ya rola. Mafuta kidogo yaliyokuwa yamebaki kwenye pini yanayeyuka. Kikishakauka kinaacha utando mwembamba usioweza kubeba uzito wa mtu anayesimama kwenye pedeli akipanda mlima. Cheni itanyamaza, hilo sikatai, na ndiyo maana ushauri huu haufi. Inanyamaza saa chache, tope likiwa ndani.

Juu ya hapo wanataka uweke nta! Nta haishiki chuma chenye mafuta. Itakaa juu ya ule utando, ichanganyike na vumbi lililolegezwa, na upate uji wa kijivu ambao mafundi wa injini wanaujua vizuri: ile paste ya kusagia valvu. Tofauti ni kwamba wao wakimaliza kusaga wanaifuta, wewe unaendesha nayo kilomita mia tatu.

Na usiniambie cheni "imevutika". Chuma hakijavutika popote. Pini zimelika na shingo za matundu zimelika, kila kiungo kikapata nafasi kidogo. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Kila kiungo kikiongezeka milimita 0.06 tu, cheni nzima imerefuka kwa asilimia 0.5, na kwa gia 11 au 12 hapo ndipo inapobadilishwa. Ukipitiliza, cheni haikai tena chini kwenye bonde la jino; inapanda juu, inasukuma jino kwa ncha na kulichonga hadi liinamie upande mmoja. Unafunga cheni mpya, inaruka kwenye sproketi ndogo kila ukikanyaga kwa nguvu, unadhani cheni ni mbovu. Kaseti ndiyo imekwisha.

Ndiyo maana wananiudhi wale wa video: mkono mmoja unarudisha pedeli nyuma, mwingine umeshika kopo la kupulizia, wingu limejaa hewani, sekunde kumi, "cheni yako sasa iko tayari". Iko tayari kwa nini? Na lile wingu limetua kwenye rimu au kwenye diski ya breki. Pedi zikishanyonya mafuta zinapiga kelele na hazishiki, na mara nyingi ni kuzitupa. Mtu kaingia kutafuta ukimya wa cheni, katoka hana breki.

Najua pia kuna atakayekuja hapa kusema babu yake alitia oili chafu ya injini na cheni ikadumu miaka ishirini. Shikamoo kwa babu. Cheni yake ilikuwa ya gia moja, nene, sproketi mbili zilizonyooka, haikuwahi kulala upande hata siku moja. Cheni ya gia 11 ina upana wa milimita 5.5 hivi kwa nje, mabamba membamba, na inafanya kazi ikiwa imepinda. Halafu oili iliyotoka kwenye injini ina masizi na vumbi la chuma tangu kwenye kopo. Babu alisalimika kwa unene wa cheni.

Kanuni ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: TONE JIPYA HALIGUSI CHENI CHAFU.

Kusafisha ni hivi. Fungua cheni kwenye kiungo chake cha kufungulia, kwa koleo lake. Viungo vingi vya gia 11 na 12 ni vya kutumika mara moja, soma maelekezo yake kabla ya kukirudisha. Itie cheni kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, mimina mafuta ya taa mililita 250 hivi, funga kifuniko, tikisa dakika mbili au tatu. Yatatoka meusi ti. Mwaga kwenye mtungi mwingine (usimwage chini, yaache siku mbili, tope litatuama na ya juu utayatumia tena), weka mapya, rudia. Mara ya tatu kwa kawaida unaanza kuona chini ya chupa. Fanya haya nje, mbali na moto, na petroli usiiguse, mvuke wake unawaka upesi mno.

Usiamini macho hapa. Ichukue cheni, iweke karibu na sikio, ikunje taratibu kushoto na kulia kwa ubavu. Ukisikia kukwaruza, kamchanga kadogo kanalia ndani ya rola, bado. Rudisha chupani. Cheni safi inalia kwa mlio mkavu wa chuma kwa chuma, hauna chenga ndani.

Ukisharidhika, suuza kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya taa nayo yanaacha utando. Kwa anayetaka nta hatua hii hairukwi. Ining'inize ikauke kabisa. Ukitumia sabuni ya kuondoa grisi ya maji, suuza sana na ukaushe papo hapo, chuma kitupu hakichelewi kushika kutu. Kitu kimoja cha kuogopa: kiondoa kutu cha asidi, au dawa kali za alikali. Shimano, watengenezaji wa cheni, wenyewe wanakataza, maana cheni inaweza kukatika, na inakatika wakati umeikanyaga kwa uzito wako wote.

Wakati cheni iko chupani, safisha kaseti, sproketi za mbele na yale magurudumu mawili madogo ya nyuma. Pitisha kitambaa kati ya sproketi moja na nyingine. Cheni safi kwenye kaseti chafu ni kazi bure, mzunguko mmoja tu uchafu umerudi.

Kuweka mafuta: anza kwenye kile kiungo cha kufungulia ili ujue ulipoanzia. Tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno. Cheni ya road ina viungo 110 na kidogo, kwa hiyo ni matone 110 na kidogo, kama mililita 5 au 6. Chupa ikipungua zaidi ya hapo unalainisha sakafu. Zungusha krenki (mkono wa pedeli) mara ishirini au thelathini, acha yaingie, halafu shika kitambaa kikavu na ufute nje hadi kidole hakitoki na mafuta. Watu wanaona huruma kufuta. Futa! Kilichobaki nje hakilainishi kitu, kinakusanya vumbi tu.

Haya, aina. Chupa iliyoandikwa Dry ni ya vumbi na jua: kibebeo chake chepesi kinaruka hewani na kuacha utando mkavu, kwa hiyo iweke usiku, uendeshe asubuhi. Mvua moja imekwisha. Wet ni mafuta mazito, yanavumilia maji ila yanavuta uchafu, na ukiyatumia kiangazi utaosha cheni kila mara. Nta ya chupa ni safi sana, lakini inadai chuma kitupu na saa kadhaa za kukauka. Nta ya kuyeyusha, cheni ikachovywa nzima kwenye nyuzi 80 hadi 90 mpaka viputo viishe, kwangu ndiyo mwisho wa ubishi, ila iyeyushe kwenye sufuria iliyo ndani ya maji moto, si juu ya moto wazi. Mara ngapi? Kavu, kama kilomita 200. Nyingine, sikiliza cheni ikianza kulia. Ukinyeshewa, hesabu inaanza upya siku hiyo hiyo, bila kujali chupa inasema nini.

Cheni ikiwa mpya kabisa na unatumia mafuta ya kawaida, grisi ya kiwandani iache ndani, futa nje tu. Ukitaka nta, itoe yote.

Kabla hujaingiza hata senti kwenye mafuta, lakini, pima hiyo cheni yako. Kipimo cha cheni kikikosekana, tumia rula ya chuma: pini 1 hadi pini ya 25 ni milimita 304.8 cheni ikiwa mpya. Ukikuta 306.5 au zaidi, usihangaike na chupa ya mafuta ya taa. Nunua cheni, funga, kisha panda mlima ukiwa kwenye sproketi ndogo na ukanyage kwa nguvu, uone kama kaseti inaikubali. Ikiruka, rudi kwa yule fundi wako umuulize kwa upole alipanga kulipia upande gani.