Barua kwa mwanangu: hasara ikija, nani anabebeshwa?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hongera kwa kupandishwa cheo. Unaniuliza kama hawa wakuu wa makampuni wanaosema biashara iwe na kusudi zaidi ya faida wanasema kweli, au wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Naamini wengi husema kweli siku ile wanaposema. Kazi inaanza pesa zinapopungua.

Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman aliandika katika jarida la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, ilimradi isivunje kanuni. Nilipoanza uhasibu, wakubwa wangu walilishika neno hilo kama amri. Ndiyo maana nilifurahi Agosti 2019, wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani, kupitia chama chao cha Business Roundtable, walipotia saini tamko kwamba wana wajibu pia kwa wateja, wafanyakazi, wanaowauzia malighafi na jamii inayowazunguka. Lakini tamko si mkataba, mwanangu. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi kesho yake hakuweza kwenda nalo mahakamani.

Nikueleze jambo ambalo sijawahi kukuambia. Kampuni moja niliyoitumikia ilibandika ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba inathamini watu. Chini ya ubao ule palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwa akikaa fundi aliyetushonea sare. Alikuja miezi mitatu mfululizo, ankara zake kwenye bahasha iliyokwisha kulegea kwa kushikwashikwa. Pesa ilikuwapo benki. Niliagizwa nimwambie hundi haijasainiwa, maana kuchelewesha madeni kulizipendezesha hesabu za mwisho wa mwaka. Nikamwambia. Aliniamini, akanishukuru, akaondoka. Mpaka leo shukrani ile inanichoma.

Basi siwapimi wakubwa kwa hotuba zao. Naangalia hasara ikija inatupwa mabegani mwa nani, na kama wema wao umefungwa mahali ambapo mwingine hawezi kuufungua kirahisi. Ulimsikia Emmanuel Faber, aliyekuwa mkuu wa Danone, kampuni ya chakula ya Ufaransa? Juni 2020 wenye hisa walikubali, karibu wote, kampuni iandikishwe kisheria kuwa na kusudi la kijamii na kimazingira. Machi 2021 bodi ikamwondoa, baada ya baadhi ya wawekezaji kulalamika kwamba hisa zao hazizai vya kutosha. Kusudi lilibaki kwenye katiba ya kampuni, lakini aliyelipigania alikuwa nje.

Yvon Chouinard, mwanzilishi wa Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 yeye na familia yake waligawa umiliki wao: asilimia 2, ambayo ndiyo hisa zote zenye kura, ikawekwa kwenye amana, yaani chini ya wadhamini, ya kulinda kusudi la kampuni, asilimia 98 iliyobaki ikapewa taasisi ya kupigania mazingira. Faida isiyorudishwa kwenye biashara huenda huko. Mrithi mwenye tamaa hana pa kushika. Najua si kila mtu ana kampuni ya kugawa, nawe huna. Na sidharau faida hata kidogo. Kampuni isiyopata faida haimlipi fundi wala karani.

Ila una saini sasa. Ukifika ofisini Jumatatu, kabla hujasoma maono na dhamira ya kampuni, omba orodha ya wadai, wale wadogo hasa, uone kila mmoja amesubiri siku ngapi. Kisha niandikie umekuta nini.

Mama yako