Mtoto kukanyaga yavuyavu ufukweni

Pole sana dada, yavuyavu (yule kiumbe wa baharini laini kama jeli) hata akiwa amekufa pale mchangani bado anachoma, ndo maana mguu wa mwanao una hiyo mistari myekundu. Hilo la kumuosha na mkojo hapana kabisa, wala usimuoshe na maji ya bomba, sumu iliyobaki kwenye ngozi inaweza kufyatuka upya. Suuza na maji ya bahari, vile vinyuzi vya yavuyavu vilivyonata mguuni vitoe na kibano, usisugue na mchanga wala taulo, halafu loweka mguu kwenye maji ya moto kama nyuzijoto 45 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 40, tia mkono wako kwanza mtoto asije akaungua. Siki usikimbilie, inategemea aina ya yavuyavu. Akihema kwa shida, akitapika au uso ukivimba, hospitali hapohapo.