Kuandaa bustani ya ndoo ghorofani kabla ya kipupwe cha Arusha

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Ninaishi Sakina, Arusha, na nyumba yetu ina roshani pana ya zege isiyo na paa, juu ya vyumba vya chini, upande wa kusini wa nyumba. Nina ndoo 18 za lita 20 nilizozipanga kwa safu mbili chini ya ukuta. Desemba na Januari bustani hupendeza sana. Mwaka jana niliingia Juni nikiwa na nyanya, pilipili hoho, mrehani na sukuma wiki. Kufikia katikati ya Julai majani ya nyanya yalikuwa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, mrehani umekuwa mweusi, na hoho zimepukutisha maua yote. Sukuma wiki ndiyo iliyobaki, nayo ikawa ya njano ingawa niliiongezea urea. Mdogo wangu aliyeko Ujerumani ananishauri nizifunge ndoo kwa magunia na kuifunika mimea kwa nailoni, kama wanavyofanya huko. Kijana anayenisaidia anasema tuweke kokoto chini ya kila ndoo. Sasa ni mwisho wa Aprili na mvua bado zinanyesha. Nianzie wapi? — Mama wa watoto wanne, Sakina.

JIBU: Mama, nimefurahi kwamba umeuliza mwezi Aprili. Maswali ya namna hii hunifikia zaidi mwezi Julai, wakati mmea umekwisha kuoza mizizi na hakuna tena la kufanya isipokuwa kuung'oa. Bustani ya kipupwe huandaliwa masika yakiwa bado yanaendelea, kwa sababu adui wako mkubwa ni maji yatakayobaki ndani ya ndoo na juu ya majani wakati jua limepungua. Baridi yenyewe, kwa mji wetu, ni jambo la pili.

Niruhusu nianze na ushauri wa mdogo wako, ambao ni sahihi kabisa pale alipo. Ujerumani, wakati wa baridi kali, udongo ulio ndani ya chungu huganda wote kwa kuwa baridi huuingia kutoka kila upande, tofauti na shambani ambako ardhi ya chini hubaki na uvuguvugu. Maji yakiganda hutanuka, mizizi hufa na chungu cha udongo hupasuka. Ndiyo maana huko watu huvisha vyungu magunia, huviinua kutoka sakafuni na huingiza ndani mimea isiyostahimili. Arusha mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na usiku wa Julai joto hushuka kwa kawaida hadi kama nyuzi 12, pengine 10 kwenu Sakina na juu zaidi kuelekea Ngaramtoni. Maji hayagandi kwa nyuzi hizo. Gunia likizungushwa kwenye ndoo kipindi cha manyunyu litalowa, litakaa limelowa, na litauzuia ukuta wa ndoo usipate hata lile jua dogo la mchana. Achana nalo. Kitu kimoja tu katika desturi yao ndicho nitakachokuomba ukichukue, nacho ni kuinua ndoo kutoka sakafuni, nitakieleza baadaye.

Sasa tuitazame roshani yenyewe, kwa sababu ninaamini nusu ya hasara yako ilitokana na mahali zilipokaa ndoo. Arusha ipo kusini kidogo tu mwa ikweta, karibu nyuzi tatu na theluthi. Desemba jua la mchana hupita upande wetu wa kusini, na ukuta wako unaotazama kusini huangazwa wote. Ndiyo sababu bustani hupendeza miezi hiyo. Juni jua huwa limehamia kaskazini, na adhuhuri huinama kama nyuzi 27 kutoka utosini kuelekea kaskazini. Nyumba yako ipo kaskazini mwa roshani, kwa hiyo ukuta unalikinga jua. Ukuta wenye kimo cha mita 3 utatupa kivuli cha mita moja na nusu hivi wakati jua liko juu kabisa, yaani karibu saa sita na nusu mchana, na safu zako mbili zote zimo ndani ya kivuli hicho. Urefu wa siku wala haukubadilika sana, kwa kuwa huku kwetu tofauti ya Juni na Desemba haifiki hata nusu saa. Kilichobadilika ni upande wa jua na wingi wa mawingu.

Dawa yake ni kuzisogeza ndoo mita mbili kutoka ukutani, kuelekea ukingo wa kusini. Fanya hivyo mwezi Mei, zikiwa bado hazijapandwa upya. Lakini kabla hujasogeza hata moja, fikiria uzito. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufika kilo 30 na zaidi, kwa hiyo ndoo zako 18 ni zaidi ya nusu tani. Ikiwa ukingo wa roshani umekaa juu ya ukuta au nguzo ya chumba cha chini, hapo ni mahali imara. Ikiwa umening'inia hewani bila nguzo, hapo ndipo mahali dhaifu kuliko pote, na mimi siwezi kukuruhusu kwa maandishi. Mwite mhandisi au fundi mwashi anayeijua nyumba, akaione kwa macho yake. Ndoo zisiegemezwe kamwe kwenye uzio wa roshani.

Ukishazisogeza, zitakutana na upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba upepo unaotawala ni kusi, unaotoka kusini na kusini-mashariki, nao huyakausha na kuyachanachana majani machanga hata siku ambazo hewa ina unyevu. Funga neti ya kivuli kwenye uzio wa upande huo, kwa kimo cha mita moja na robo hivi. Chagua neti inayopitisha upepo kiasi, kwa maana nailoni nzima hugeuka tanga: upepo huiruka na kushuka kwa kishindo upande wa pili, juu ya mimea ileile uliyotaka kuikinga. Kwa bahati njema neti ya kusini haitakunyima jua la adhuhuri, kwa kuwa kivuli chake mwezi Juni kitaanguka nje ya roshani.

Tuje kwenye kokoto. Kijana wako amerudia jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa, na mimi mwenyewe nililifuata kwa miaka kadhaa kabla ya kulipima. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe makubwa, kwa sababu matundu madogo ya udongo huyavuta maji kwa nguvu kuliko nafasi pana za kokoto. Udongo hulazimika kujaa maji hadi mwisho ndipo uachie tone. Kwa hiyo ile tabaka ya chini inayobaki imelowa chepechepe haiondoki. Inapanda tu juu ya kokoto na kuikaribia mizizi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ilaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, ingawa hukuongeza maji. Tabaka ya maji inayong'ang'ania chini ina kimo kilekile, lakini chombo kirefu kinaiachia mizizi nafasi kavu juu yake, na chombo kifupi hakiiachii. Kwa hiyo mabeseni na madumu yaliyokatwa, kama unayo, yatumie kwa vitunguu majani kiangazi, na kipindi hiki yapumzishe.

Badala ya kokoto, shughulikia udongo wenyewe. Mwaga ndoo, uchambue udongo wa zamani, kisha uchanganye kwa kipimo cha debe: udongo mbili, mboji iliyoiva vizuri moja, na kitu cha kuleta hewa moja. Kwa hiki cha mwisho maganda ya mpunga ni mazuri sana, na yanapatikana kwa wingi kutoka mashine za kukoboa za Moshi kunakolimwa mpunga wa skimu. Ila yachome kwanza hadi yawe meusi, usiyaache yakawa majivu. Maganda mabichi na maranda huoza ndani ya ndoo, na yakioza hula naitrojeni ileile uliyoitunzia mboga. Mchanga laini wa kupigia lipu usiuweke, kwa sababu huziba matundu. Hakikisha ndoo ina matundu matano au sita yenye upana wa kidole chako kidogo, na uiinue juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yatoke na hewa iingie. Zege lililolowa likigusana na kitako cha ndoo huyaziba matundu kana kwamba umeyafunga kwa kizibo. Wakati huohuo safisha bomba la kutolea maji la roshani, maana majani makavu ya masika hukusanyika hapo, na maji yakituama juu ya dari ya vyumba vya chini hasara yake haitakuwa ya mboga.

Umanjano wa sukuma wiki yako ninauhusisha na jambo hilo hilo. Udongo ukiwa wa baridi na umejaa maji, mizizi hukosa hewa na kushindwa kunyonya hata chakula kilichopo. Vijidudu vinavyoubadilisha mbolea ya samadi na mboji kuwa chakula cha mmea navyo hupunguza kasi. Jani hugeuka njano, mwenye bustani huona njaa, huongeza urea, na urea hiyo ndani ya lita 20 za udongo huiunguza mizizi iliyokwisha kudhoofika. Safari nyingine, kabla ya kuongeza chochote, ng'oa mche mmoja uunuse. Mizizi mizima ni myeupe na udongo hunukia msitu baada ya mvua. Mizizi inayooza ni ya kahawia, ngozi yake huchomoka ukiivuta kwa vidole, na udongo hunuka yai viza. Ukikuta hali hii, acha kumwagilia na ongeza matundu. Kuhusu kumwagilia kwa jumla, ratiba ya Januari haifai kabisa Juni. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, acha hadi kesho. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na siyo juu ya majani. Ndoo ya plastiki inaweza kukaa siku tatu au nne bila kuhitaji maji wakati huo, ilhali chungu cha udongo, kwa kuwa hupumua kupitia kuta zake, kitahitaji mapema zaidi. Kwa sababu hiyohiyo chungu ndicho ningekipa rosemari.

Nyanya zako, kwa jinsi ulivyoeleza, ziliuawa na bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaounguza viazi mviringo kwenye miteremko ya Meru. Vijimbegu vya ugonjwa huo husafiri kwa upepo, huangukia jani, na huhitaji jani hilo libaki na maji kwa saa nyingi katika ubaridi. Usiku mmoja wa manyunyu unatosha. Hapo utaona kwa nini sikubali mmea ufunikwe kwa nailoni mpaka chini: umande hujikusanya ndani na jani hukaa limelowa hadi saa nne asubuhi. Nailoni angavu naikubali kama paa, iliyoinamishwa upande mmoja, nusu mita juu ya mimea, na pande zote wazi. Paa kama hilo linakinga mvua na linapunguza pia ubaridi wa zile usiku chache ambazo mbingu huwa wazi bila mawingu. Viuatilifu vya kukinga vipo, vikiwemo vyenye madini ya shaba (kopa), lakini vinapaswa kupulizwa kabla ugonjwa haujaingia na kurudiwa kila mvua inapoosha majani, na mimi kwa ndoo chache za mboga ya nyumbani sioni sababu ya kuanza vita hiyo.

Ningependa zaidi ubadilishe ulichopanda. Nyanya hushindwa kufunga matunda vizuri usiku unaposhuka chini ya nyuzi 13, hoho hulalamika hata mapema zaidi, na mrehani huchukia nyuzi 10 kiasi cha kugeuka mweusi. Vuna mrehani wote sasa, ukaushe, na uweke vipandikizi viwili vitatu kwenye glasi ya maji dirishani jikoni. Hoho moja au mbili unazozipenda unaweza kuzihamishia kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwa sababu ukuta huo huhifadhi joto na kulirudisha usiku. Ndoo zilizobaki zipe mboga zinazofurahia ubaridi: sukuma wiki, loshuu (mboga ya majani ya jamii ya haradali), spinachi, saladi, karoti kwenye ndoo zenye udongo laini, njegere zikitambaa kwenye neti ya uzio. Giligilani, ambayo kiangazi hukimbilia kutoa maua kabla hujaionja, kipupwe hukaa wiki nyingi ikitoa majani. Mchicha utaota lakini utachelewa. Laiti ungekuwa Moshi mjini, mita mia tano hivi chini yetu na joto zaidi kwa nyuzi tatu, ningekuachia mchicha na hata hoho bila wasiwasi.

Miche isihamishwe ikiwa michanga mno, kwani kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, huikata shingo kwenye udongo wa baridi. Subiri majani halisi manne, na uache nafasi ya hewa kati ya mche na mche hata kama ndoo itaonekana tupu. Udongo uliokuwa na nyanya mwaka jana usiutupe, uchanganye na mboji uupandie sukuma wiki, lakini ng'oa mche wowote wa nyanya au kiazi uliojiotea humo, kwa kuwa ugonjwa huishi kwenye mmea ulio hai. Mbegu za nyanya zisie katikati ya Julai, ndani, karibu na dirisha lenye jua. Miche itakuwa tayari mwishoni mwa Agosti, na itatoa maua mwishoni mwa Septemba, jua likiwa linarudi upande wako wa ukuta. Hapo ndoo zake unaweza kuzirudisha pale zilipokuwa.