Alamu ya Probox: usikubali wakate pampu ya mafuta

Swali: Fundi, shikamoo. Nipo Ujiji, nina Probox ya mwaka 2008, otomatiki, inalala nje maana nyumba haina geti. Nataka kufunga alamu. Dukani zipo za bei ya chini na ya juu, muuzaji anasema zote ni sawa. Fundi wa mtaani anataka kuiunganisha na pampu ya mafuta ili mwizi asifike mbali. Jirani yangu alifunga yake, sasa gari likilala siku mbili tatu betri imekwisha. Nishauri.

Jibu: Marahaba. Nianze na pampu, maana hapo pana hatari ya roho za watu. Relei ya pampu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inapitisha umeme muda wote gari linapotembea. Pini ikilegea au boksi la alamu likiingia maji, injini inazima papo hapo. Chukulia unateremka kutoka Mwanga kwenda stesheni ya Kigoma na gari limejaa abiria. Injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki zina msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu sana.

Mwambie fundi alamu ikate waya wa stata, mota inayowasha injini, badala ya pampu. Waya huo unafanya kazi sekunde chache tu wakati wa kuwasha, kwa hiyo relei ikifa uko njiani injini haina habari. Gari lako ni otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa, na mwizi itabidi aanze kutafuta waya huku king'ora kinalia. Gari la gia za mkono linasukumwa likawaka. Mwenye nalo aongeze kufuli la chuma la usukani. Relei ifungwe kwa namna ambayo ikikosa umeme, njia ya stata inabaki imeungana. Hapo alamu ikiharibika yenyewe bado utawasha gari uende kwa fundi.

Muuzaji hajakwambia kweli. Rimoti za alamu za bei ya chini mara nyingi zinatuma namba ileile kila unapobonyeza. Mtu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi akisimama karibu anaichukua, kisha anafungua gari lako umelala. Nunua ambayo namba yake inabadilika kila mara. Kwenye boksi huandikwa "rolling code". Ukiweza, chukua yenye king'ora cha betri yake ndani, kinachoendelea kulia hata waya wa betri ya gari ukikatwa. Kagua pia kama Probox yako ina senta loki, yaani loki za umeme zinazofunga milango yote kwa pamoja. Nyingine hazina, na hapo alamu pekee haifungi milango mpaka ziongezwe mota za loki. Mpatane bei ya mota kabla kazi haijaanza.

Kuhusu betri ya jirani, gari lililozimwa na alamu ikiwa kazini lisivute zaidi ya miliampea 50 hivi. Likivuta 300, ni zaidi ya Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha umeme wa betri) kwa siku, na betri ya Ah 45 haiwezi kuvumilia siku nyingi. Fundi atoe waya wa hasi, aweke mita kwenye ampea 10 kati ya waya na betri, milango ifungwe, asubiri nusu saa ndipo asome. Asijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, ataunguza fyuzi yake. Kisha atoe fyuzi ya alamu: namba ikishuka sana, tatizo liko kwenye alamu au viungio vyake, isiposhuka, atafute kwingine, kwa mfano redio au taa ya buti.

Viungio ndivyo vinavyoniudhi kuliko yote. Waya zinasokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu. Gari likianikwa juani gundi ya tepu inayeyuka, tepu inajifungua, shaba inabaki wazi na kuota kijani. Dai zichomelewe kwa risasi na kuvikwa mpira. Zile waya za njano za eabegi, mifuko ya hewa ya usalama, zisiguswe kabisa. Boksi likae juu ndani ya dashibodi, lisiwekwe chini ya zulia, na mdomo wa king'ora uangalie chini ili mvua isituame.

Kabla ya kulipa, rekebisha sensa ya mtikisiko mwenyewe. Ukigonga bodi kwa kiganja taratibu isilie. Ukipiga ngumi, ilie. Ikiachwa kali, kila radi ya masika itaiamsha, na majirani wakishazoea kelele hawatatoka nje siku mwizi atakapokuja.