Usiwatoze wagonjwa amana ili wameze dawa za presha

Futa kipengele cha amana kabla hujakipeleka kwa mtu yeyote. Umeandika kwamba kliniki yenu itawataka wagonjwa wa shinikizo la damu waweke fedha zao mwanzoni mwa mwezi, warudishiwe kidogo kidogo kwa kila siku wanayomeza dawa na wapoteze kiasi kwa kila dozi wanayoruka, kwa sababu hasara humuuma binadamu kuliko faida inavyomfurahisha. Kisha ukauliza amana iwe kiasi gani, ujumbe wa simu uandikweje, na jamaa wa mgonjwa washirikishwe vipi. Nilifanya kazi katika mpango wa namna hiyo hadi ulipofungwa, na inaniuma kuona wagonjwa wengine wakitaka kupitishwa njia ileile.

Hoja ya hasara ni ya kweli. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliieleza tangu mwaka 1979. Lakini mshauri aliyetuletea mpango ule alitusomea nusu ya ushahidi, na sijamsamehe, kwa maana nusu ya pili ilikuwamo katika utafiti uleule aliokuwa akiutaja. Ni utafiti wa kuacha sigara uliochapishwa mwaka 2015 na Scott Halpern na wenzake nchini Marekani. Ulionyesha kwamba watu walio radhi kuweka amana huacha sigara kwa wingi zaidi wakiweka amana kuliko wakiahidiwa zawadi. Hapo ndipo mshauri wetu alipofunga kitabu. Hakutuambia kwamba kati ya waliopangiwa amana ni asilimia 13.7 tu waliokubali kujiunga, ilhali waliopangiwa zawadi walikubali kwa asilimia 90, na kwamba ukiwahesabu wote, waliokubali na waliokataa, zawadi ndiyo iliyoachisha watu wengi zaidi.

Sasa lipeleke jambo hilo kwenye presha na kiharusi kinachotokana nayo. Anayekubali kuweka fedha zake ni yule ambaye tayari anameza dawa na anajua atarudishiwa zote. Yule ambaye presha yake haijashuka, ambaye ndiye hasa mnayemtafuta, hukataa. Na akikubali kwa kumwonea daktari haya, siku akikatwa huanza kuiona kliniki kama mahali pa kudaiwa. Kwetu waliokatwa hawakuongeza bidii, bali waliacha kuja. Asiyekuja hapimwi, na kwa kuwa presha kwa kawaida haiumi, hakuna kinachomrudisha mpaka siku mdomo unapopinda na mkono mmoja kulegea.

Baada ya amana kushindikana, mshauri yuleyule alituelekeza kwenye bahati nasibu, ambapo mgonjwa aliingia katika droo kila alipofungua kichupa chenye kifaa cha kurekodi. Mama mmoja rekodi yake ilikuwa safi kabisa, kila asubuhi amefungua, lakini kipimo chake cha presha kilibaki juu, 170 kwa 100. Muuguzi alipomwuliza kwa upole, bila mshauri kuwapo, alisema kwamba kidonge kimojawapo kilimfanya aende haja ndogo mara kwa mara akiwa ndani ya basi la kwenda kazini, kwa hiyo alikuwa akifungua kichupa, anatoa kidonge, na kukihifadhi kwenye kopo. Daktari alimhamishia kidonge hicho saa anazokuwa nyumbani, na kipimo kikaanza kushuka. Hakuna zawadi ambayo ingefanya kazi hiyo, kwa sababu hakukosa hamu ya kupona. Alikosa choo njiani.

Tangu hapo nashika kanuni moja: kabla hujagusa mfuko wa mgonjwa, mpunguzie kazi. Kama anameza dawa mbili za presha, uliza kama zinaweza kuunganishwa katika kidonge kimoja. Vidonge vya aina hiyo viliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Kama anapanga foleni kila mwezi kwa dawa ambayo haijabadilishwa, na hali yake imetulia, mpe ya miezi mitatu. Nchini China, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, vijiji 600 viligawanywa, na nusu yake vikapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, badala ya ile ya kawaida yenye sodiamu inayopandisha presha. Watu waliendelea kupika kama kawaida yao, wala hawakudaiwa nidhamu mpya kila siku, na kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Wenye maradhi ya figo wasipewe chumvi hiyo bila daktari kuwaona, lakini huo nao ni uchumi wa tabia, yaani elimu ya namna watu wanavyoamua mambo ambayo hata hoja ya hasara imetoka humo, tena ule unaomfikia hata asiyejiandikisha.

Kwa hiyo fedha mlizotenga kuendesha amana zitumieni kumlipa muuguzi mmoja akae na wagonjwa wenye vipimo vya juu zaidi, mmoja mmoja, awaombe wasimulie walivyomeza dawa jana: ilikuwa wapi, walikuwa na nani, maji waliyapata wapi, na nini kiliwazuia. Aandike majibu kama yalivyo, kisha mpango upangwe kutoka hapo.