Mwongoza wageni mzima, nikafika Taj Mahal siku ya Ijumaa

Juzi dada mmoja wa Voi ameniandikia. Yeye na mumewe wanatimiza miaka 20 ya ndoa, na wameona tangazo la safari ya kikundi kwenda India: siku saba, Delhi, Agra na Jaipur, hoteli, basi na mwongozaji vyote ndani. Anauliza, "Dada, twende na kikundi au twende wenyewe?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi mbili. Ya tatu ikanifukulia jambo nililolinyamazia miaka miwili, nikaona bora niliandike hapa mlisome nyote.

Kwanza mnijue. Nimeongoza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale kwa miaka 11. Najua kona gani ya ngome ina kivuli saa saba mchana, na najua duka gani la vinyago litanipa changu mgeni akiondoka na twiga wa mpingo. Ndiyo, kamisheni nimekula, na anayesema katika kazi hii hajala, muulizeni karo ya watoto alilipa na nini. Basi chama chetu cha akina mama 14 kilipoamua kwenda India, swali la nani atashughulika na ajenti halikuulizwa hata. Waligeuka wakanitazama. Nami nilijisikia, sitawaficha.

Tulichanga miaka mitatu. Habari za viza na nauli naziruka, ajenti yeyote atakueleza mpaka usinzie. Ila cheti cha chanjo ya homa ya manjano beba, maana kwa mtu anayetoka Kenya wale hawana mchezo nacho.

Delhi ilitupokea vizuri. Tulisimama chini ya Qutb Minar, mnara wa mita 72.5, shingo zikatuuma kwa kuangalia juu. Tulizunguka kaburi la mfalme Humayun, ambalo mtu akilitazama anaona kabisa Taj Mahal ilijifunza wapi. Kwenye soko la Chandni Chowk nusura tupoteze wawili. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mcheshi, Kiingereza safi, anajua kuhesabu watu kwa jicho bila kuwanyooshea kidole. Nikamsifu moyoni: huyu fundi.

Siku ya Alhamisi tukatoka Delhi asubuhi kwenda Agra. Kijana alikuwa kiti cha mbele anaongea na simu kwa Kihindi. Mimi Kihindi sikijui, lakini Mswahili kule hapotei kabisa: dukan ni duka, hisab ni hesabu, musafir ni msafiri. Yote matatu niliyasikia kwenye simu moja. Nikatabasamu peke yangu dirishani. Nilijua tunapelekwa wapi, nilijua na kwa nini. Mwenzangu yuko kazini, nikasema, acha apate riziki yake.

Hapo ndipo nilipokosea, na hapo ndipo naomba msome polepole.

Tulifika Agra saa saba mchana. Taj Mahal ilikuwa wazi. Ilikuwa wazi mpaka jua kutua! Sisi tukashushwa kwenye karakana ya marumaru. Tukapewa chai. Tukaoneshwa mafundi wakisaga vipande vya mawe ya rangi kwenye gurudumu la mkono, wakivipachika kwenye marumaru kama maua, kazi ambayo kwao inaitwa parchin kari. Ni kazi ya kweli na ni nzuri, siwezi kuisema vibaya. Tukaambiwa hawa ni wazao wa mafundi waliojenga Taj. Kisha tukapandishwa ghorofani kwenye duka lenyewe, mlango ukafungwa nyuma yetu, na tukakaa humo saa mbili na nusu. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kisii, akanunua sahani kwa bei ambayo mpaka leo mumewe hajatajiwa. Usiku hotelini akaikwaruza nyuma kwa pini ya nywele. Ikatoka unga.

"Mama weee," akasema, "hili si jiwe la Tabaka hili?"

Jiwe la sabuni! Mtu katoka Kisii, kavuka bahari, kanunua jiwe la sabuni. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kicheko cha mwisho cha safari hiyo.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa. Taj Mahal kila Ijumaa hufungwa kwa watalii. Si siri. Imeandikwa kila mahali, na mimi, ambaye mgeni akitaka kuja Mombasa nampangia mpaka saa ya maji kujaa na kupwa, sikuwa nimeangalia. Mmoja wetu akasema, sisi ni Waislamu, tujifunge vizuri tuingie na wanaokwenda kuswali. Kijana akatikisa kichwa: msikiti ulio ndani ya eneo la Taj siku ya Ijumaa ni wa wakazi wa Agra tu, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kubadilisha hilo. Nikatoa karatasi ya ratiba mkobani. Siku ya nne: "Kuiona Taj Mahal." Kuiona. Baadaye nilipompigia ajenti kulalamika, alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, tuliandika kuiona. Hatukuandika kuingia."

Wakatupeleka Agra Fort tukaione. Kutoka kwenye baraza za juu unaliona kuba lile jeupe kule ng'ambo, mto Yamuna unapinda mbele yake, ukungu umelibeba. Kijana akaeleza kwa sauti ya huzuni aliyoizoea kwamba hapa Shah Jahan, mfalme aliyemjengea mkewe Taj, alifungwa na mwanawe Aurangzeb, tangu 1658 mpaka alipokufa 1666, miaka minane akilitazama kaburi la mkewe kwa mbali.

Mama mmoja akasema, "Yeye alikuwa mfungwa. Sisi tumelipa."

Hakuna aliyecheka. Nikayahisi macho ya wenzangu 13 mgongoni, na yale ya shoga yangu niliyecheza naye kibe tukiwa watoto yalikuwa mazito kuliko yote. Yeye ndiye aliyeuza cherehani ya pili ili atimize mchango. Jaipur, mji uliopakwa rangi ya waridi mwaka 1876 kumlaki mwana wa malkia wa Uingereza, aliutembea wote bila kunisemesha. Huko nako tulipewa dakika 20 pale Jantar Mantar, penye kipimajua cha mawe chenye urefu wa mita 27 hivi, halafu saa mbili kwenye mazulia. Safari hii nilifungua mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

Sasa mtaniambia, dada, makosa ni ya ajenti. Ni yake, na sijamsamehe. Lakini Alhamisi ile saa saba mchana, basi zima, aliyejua kwamba tunauzwa ni mimi peke yangu. Ningesema neno moja, "Kijana, Taj kwanza, duka baadaye," tungeingia. Nilinyamaza kwa sababu niliona fahari kuujua mchezo. Nyie mnaoijua kazi, mnaosafiri sana, mnaojiita wazoefu, nawaambia nyie hasa: ujuzi wako usipousema unamfaa nani? Isome ratiba. Isome mkiwa nyumbani, kalenda iko pembeni. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, Ngome Nyekundu ya Delhi hufungwa Jumatatu. Desemba na Januari kuna ukungu unaochelewesha treni na ndege, kwa hiyo siku moja ya akiba si anasa. Uliza maduka mangapi, dakika ngapi kila duka, na iandikwe. Neno "kuona" likitokea, liulize maana yake. Halafu isome ratiba tena.

Mwezi uliopita nilirudi. Mimi na binti yangu, hatukuwa na kikundi. Jumanne, tulikuwa getini kabla ya jua. Tiketi ya mgeni nililipa rupia 1,100 na 200 juu yake za kuingia kaburini, na inakupa saa tatu tu ndani, kwa hiyo usianze na picha. Kwenye lango kuu, kabla hujaliona kaburi, kuna maandishi meusi yamepanda kando ya tao, na herufi za juu zimefanywa kubwa zaidi ili anayesoma kutoka chini aone zote sawa. Nikaanza kusoma kama tulivyosomeshwa chuo cha Kurani, kidole hewani. Ilikuwa Suratul Fajr, sura ya Alfajiri, na ndiyo kwanza kunapambazuka. Inamalizika kwa kuiambia nafsi iliyotulia iingie Peponi. Ingia, limeandikwa langoni. Nilisimama pale mpaka askari akaniomba nisogee.

Ndani, kaburi la Mumtaz, aliyefariki 1631 akijifungua mtoto wa 14, liko katikati barabara. La mumewe liliongezwa kando yake baadaye, kitu pekee katika jengo lile kisicho na mwenzake upande wa pili. Binti yangu ndiye aliyeligundua. Nilipiga picha ya lango nikamtumia shoga yangu. Ameiona, alama za bluu zimetokea. Hajajibu.

Kwa hiyo, dada wa Voi: nendeni na kikundi, ni nafuu na mtakuwa na watu wa kucheka nao. Mwongozaji mpeni bakshishi yake, ana watoto. Ila kabla hujatuma pesa ya kwanza, nitumie hiyo ratiba niione. Nataka kujua Ijumaa mtakuwa wapi.